Kirukanjia: yale macho mekundu barabarani usiku ni ya nani?

Dereva yeyote aliyewahi kukata mbuga usiku kwa barabara ya vumbi anayajua. Nukta mbili nyekundu, chini kabisa, kama makaa mawili yaliyodondoka katikati ya njia. Unapunguza mwendo ukidhani ni paka au sungura. Hazisogei. Gari likibakiza hatua chache, zinazimika kwa mpigo, na kitu cha rangi ya vumbi kinachomoka pembeni bila mlio wala kishindo. Ukishuka na tochi kumulika pale palipokuwa na macho, huoni unyoya, huoni hata alama ya mguu. Hapo ndipo abiria wa kiti cha nyuma hulitamka lile neno ambalo wenzake wote walikuwa wakilimeza.

Sitabishana na abiria wa nyuma kuhusu uchawi. Ila kwa macho haya mahususi mwenyewe anajulikana, ana jina la Kiswahili la siku nyingi, na uzito wake haupiti sana wa yai la kuku.

Anaitwa kirukanjia, wingi virukanjia. Jina limeundwa kwa kuangalia tu: kiumbe kinachoruka njia. Anatua njiani, anaruka ukimkaribia, anatua tena mbele hatua ishirini, unamkaribia, anaruka. Bahati mbaya neno hilohilo limegeuzwa tusi kwa wanawake, kwa hiyo ukiliandika mtandaoni kutafuta ndege utakutana na matusi kwanza na ndege baadaye. Ndege hana hatia katika hilo. Makala hii inamhusu yeye.

Si mmoja, na si bundi

Tuanze na mkanganyiko mdogo kabla ya mkubwa. Kirukanjia si spishi moja. Ni ukoo mzima, kama vile tunavyosema "njiwa" au "kunguru" na ndani yake wapo wengi. Duniani kuna spishi zinazokaribia 100, na Afrika Mashariki peke yake ina zaidi ya kumi: wa nyanda za nyasi, wa vichaka vikavu, wa miamba, wa milimani kwenye baridi. Wengi wao wanafanana kiasi kwamba hata wataalamu hawajiamini wakiwaona tu; wanasubiri mpaka walie. Kwa hiyo ukimwona mmoja ukashindwa kumtaja ni yupi, hujaharibu kitu. Kinachosaidia kidogo ni kumtazama anaporuka. Kwa spishi nyingi dume ana madoa meupe kwenye mabawa na pembe za mkia, na humetameta sekunde ile anapoinuka. Jike madoa yake ni ya rangi ya mchanga au hayaonekani sawasawa.

Akiruka anaonekana mkubwa kwa sababu ya mabawa na mkia mrefu. Ukimshika, chini ya manyoya hakuna mtu. Spishi nyingi za kwetu zina gramu 40 hadi 70.

Watu wengi humwita bundi, au "bundi mdogo", kwa kuwa ni ndege wa usiku mwenye macho makubwa na manyoya laini yasiyopiga kelele. Lakini kufanya kazi zamu ya usiku hakukufanyi kuwa ndugu wa kila mlinzi. Bundi ni mwindaji wa kucha: anakamata panya kwa miguu yenye nguvu, kisha anararua nyama kwa mdomo wa ndoana. Kirukanjia ana vijiguu vifupi na dhaifu, kutembea kwenyewe anatembea kwa shida, na hajawahi kumkamata panya maishani mwake. Kati ya ndege wa kwetu, ndugu zake wa karibu zaidi ni teleka, wale ndege weusi wenye mabawa kama mundu wanaozunguka juu ya majengo jioni na ambao wengi wetu huwaita mbayuwayu bila kujali. Fikiria teleka aliyehamia zamu ya usiku. Hapo umemkaribia kirukanjia kuliko ukifikiria bundi.

Macho hayawaki

Sasa yale makaa. Watu huamini macho ya kirukanjia yanatoa mwanga wake mwenyewe, kama kimulimuli. Hayatoi. Angalia koti la dereva wa bodaboda lenye mistari ya kung'aa. Halina betri. Mchana ni kijivu tu, lakini taa ya gari ikilipiga usiku linawaka kama limeunganishwa na umeme. Linarudisha mwanga kule ulikotoka, basi.

Nyuma ya jicho la kirukanjia kuna tabaka linalofanya kazi hiyo. Wanasayansi huliita tapetamu. Kazi yake haikuwa kututisha. Katika jicho la kawaida, mwanga unaingia, unapita kwenye chembe zinazohisi mwanga, na kile ambacho chembe hazikukidaka kinapotea. Kwa kirukanjia kinachopenya kinagonga tabaka hilo na kurudi, kikipita kwenye chembe zilezile mara ya pili. Ni kama mvuvi aliyekinga wavu mara mbili kwenye mkondo mmoja: samaki aliyeponyoka akienda ananaswa akirudi. Kwa ndege anayetafuta chakula katika mwanga wa nyota, nafasi hiyo ya pili ni mlo. Ule wekundu unaouona wewe ni mwanga wa taa zako mwenyewe, uliopita kwenye wavu mara mbili bila kudakwa, ukatoka nje.

Paka ana kitu hicho, mbwa anacho, fisi anacho, mamba anacho. Kwa ndege ni adimu, na ndiyo maana macho ya kirukanjia humshtua hata mtu aliyezoea porini. Ukitaka kujithibitishia, shika tochi karibu na jicho lako, usawa wa sikio, ummulike ndege: macho yatawaka. Sasa iteremshe tochi mpaka kiunoni bila kuacha kumulika. Yatafifia, pengine yapotee kabisa, ingawa ndege hajageuza kichwa. Mwanga unarudi kwenye tochi, na jicho lako halipo tena kwenye njia yake. Kitu kinachowaka chenyewe kisingejali umeshika tochi wapi.

Kwa nini barabarani, jamani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu lake linaanzia mdomoni.

Ukimtazama kirukanjia kwa ubavu, mdomo wake ni kitu kidogo cha kuchekesha, kama punje iliyobandikwa usoni. Akiufungua, uso wote unagawanyika. Mpasuko unafika chini ya macho. Anaruka huku ameupanua, na nondo, mbawakawa na kumbikumbi wanaingia mzimamzima. Hatafuni wala hararui. Vitabu vingi huongeza kwamba zile nywele ngumu pembeni mwa mdomo wake ni chandarua cha kusukumia wadudu ndani. Ni maelezo matamu, lakini baadhi ya jamaa wa ukoo huu hawana nywele hizo na wanashiba vilevile, kwa hiyo nisingeyauza kwa bei kubwa. Inaelekea zaidi zinalinda macho dhidi ya miguu na mabawa ya wadudu, na zinampa habari ya kilichogusa uso.

Kumbuka basi: anawinda kwa macho, usiku, wadudu wanaoruka. Nenda nje usiku usio na mwezi, utazame chini kwenye nyasi. Weusi mtupu. Sasa inua uso. Hata bila mwezi anga ina weupe fulani kuliko ardhi, na chochote kinachopita juu kinaonekana kama kivuli kilichokatwa kwa mkasi. Kirukanjia anaijua siri hiyo. Anakaa chini, anaangalia juu, mdudu anapita, anaruka kumdaka na kurudi palepale. Kwa kazi ya namna hiyo anahitaji mambo mawili: sehemu wazi isiyozibwa na majani mbele ya macho yake, na nafasi ya kupaa haraka bila kujikwaa kwenye nyasi na vijiguu vyake vile. Nyika ilimpa sehemu hizo kabla ya magari: njia za tembo na nyumbu, mito ya mchanga iliyokauka, mabapa ya mwamba ulio wazi. Sisi tukaja tukachonga moja ndefu isiyo na mwisho, tukaisafisha nyasi kila mwaka, tukamwachia.

Kuna na joto. Vumbi, mchanga na lami hunywa jua mchana kutwa na kulitema polepole usiku. Ndege mwenye uzito wa yai anapoteza joto haraka, na tumbo likilala juu ya ardhi ya vuguvugu anaokoa nguvu. Mtu aliyewahi kulala juu ya baraza la saruji saa mbili usiku baada ya siku ya jua kali hahitaji kuelezwa.

Halafu tunafika na taa kali, na ndege hakimbii. Watu husema amepumbazwa na mwanga, na ni kweli kwamba jicho lililotengenezwa kwa nyota linalemewa na taa za gari. Lakini huo ni nusu tu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba kutokimbia ndiyo mbinu yake kuu ya maisha. Ameweka kila kitu rehani kwa jambo moja: kutoonekana.

Jani lenye kope

Niliwahi kuonyeshwa kirukanjia mchana. Mwenyeji wangu alisimama ghafla, akanyoosha fimbo kuelekea chini ya kichaka cha mgunga umbali wa hatua tatu, akasema, "Yule pale." Nikaangalia. Majani makavu, vijiti, kinyesi cha mbuzi. Akasema tena. Nikaanza kuona aibu ya mtu anayejifanya ameona. Akachuchumaa, akaielekeza fimbo mpaka ikabaki kama hatua moja kutoka kwenye jani fulani, na jani likawa na kope. Kope mbili, karibu zimefumba, na katikati ya kila moja uzi mwembamba mweusi unaong'aa. Alikuwa ananitazama muda wote ule. Nikaona koo inavyocheza taratibu, kisha mstari wa bawa, kisha mkia. Nikamgeukia mwenyeji wangu nimwambie nimemwona. Niliporudisha macho nilimtafuta upya.

Hayo macho nusu yaliyofumbwa ni sehemu ya ujanja. Jicho kubwa jeusi, la mviringo, ndicho kitu pekee mwilini mwake kisichofanana na takataka za ardhini, kwa hiyo analifunika na kubakiza ufa wa kuchungulia. Manyoya yaliyobaki ni kazi ya fundi: kijivu cha gome, kahawia ya jani lililooza, mstari mweusi wa kijiti, doa la mchanga. Akikaa juu ya tawi hakai kwa kulikata kama ndege wengine. Analala kufuata urefu wake, anageuka kuwa kibonge cha mti.

Watu wengine hudhani uwezo huu ni bahati ya rangi tu: ndege wa kahawia kwenye nchi ya kahawia. Sivyo. Kusini mwa Zambia, katika wilaya ya Choma, watafiti walishirikiana na wenyeji hodari wa kutafuta viota kuwapiga picha virukanjia na ndege wengine watagao chini, kisha wakapima picha hizo kwa namna ambavyo macho ya maadui zao yangeona: nguchiro na jicho lake lisilotofautisha rangi zote, tumbili, na ndege wala mayai. Kazi ya kwanza ilichapishwa mwaka 2016. Ilionyesha kwamba kiota cha kirukanjia kilipona zaidi pale mchoro wa manyoya ya mzazi ulipoendana vizuri na ardhi iliyomzunguka. Kwa ndege wengine wa chini, ambao huwa na tabia ya kukimbia mapema na kuyaacha mayai peke yake, kilichookoa kiota ni pale weusi na weupe wa yai ulipoendana na ardhi iliyolizunguka. Inaingia akilini. Kirukanjia hakimbii, anayalalia mayai mpaka dakika ya mwisho, hivyo yeye mwenyewe ndiye kifuniko.

Mwaka uliofuata wakatoa jambo la pili, ambalo mimi naona ndilo la kustaajabisha. Kwa jumla, ndege alikuwa amechagua mahali panapomfaa yeye binafsi. Wa manyoya yenye weusi zaidi alikaa penye ardhi iliyomfaa zaidi kuliko ambavyo ingemfaa jirani yake wa spishi hiyohiyo. Kwa maneno mengine, ndege hachagui tu "majani makavu". Anachagua majani makavu *yake*.

Kiota chenyewe nimekiita kiota kwa heshima tu. Hakipo. Hakuna kijiti kilichosukwa wala manyoya yaliyotandikwa. Jike anataga yai moja au mawili juu ya ardhi tupu na kuyalalia kwa kama wiki mbili na nusu. Kwa spishi nyingi mchana ni zamu ya jike, na dume humpokea magharibi au alfajiri. Katika nyika ya jua kali hii ni kazi ya mateso: joto la juani pale chini linaweza kupita nyuzi 50, na ndege hawezi kuinuka kwenda kivulini bila kuyaanika mayai na kujianika mwenyewe. Anachofanya ni kufungua mdomo na kuipigapiga ngozi ya koo, kama mbwa anavyohema na ulimi nje, lakini kwa gharama ndogo zaidi ya nguvu. Maji yanavukizwa kwenye ule mdomo mpana na damu inapoa. Mdomo uleule wa kudakia nondo usiku unakuwa feni mchana.

Ukimkanyaga karibu, hatimaye ataruka, lakini mara nyingi hataenda mbali. Ataanguka mbele yako akiburuta bawa moja, akigaragara kama amepigwa jiwe. Watoto humkimbilia wakidhani wamepata kitoweo. Wakishafika mbali na mayai, bawa linapona ghafla na ndege anatoweka. Kwa hiyo ukikuta kirukanjia "amevunjika bawa" porini mchana, usimfuate, na zaidi ya yote angalia unapoweka mguu wako. Mayai au makinda yako karibu na pale ulipoanzia. Vivyo hivyo kwa kinda unalolikuta peke yake chini, donge la manyoya ya rangi ya udongo. Hajatupwa. Hapo ndipo nyumbani kwao. Muda mfupi tu baada ya kuanguliwa makinda huweza kujongea wakiitwa na mzazi, na mara nyingi mzazi yuko hatua chache, anakutazama kupitia ule ufa wa kope.

Kesi ya maziwa ya mbuzi

Huenda umesoma kwamba kirukanjia huingia zizini usiku na kunyonya mbuzi. Uzushi huu si wa kwetu, na ni mkongwe mno. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliuandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: ndege huyu hunyonya mbuzi, kiwele kinakauka, na mbuzi anapofuka. Warumi wakaupokea na kuurudia. Ukaingia mpaka kwenye jina la kisayansi, kwani jenasi ya virukanjia wengi, *Caprimulgus*, maana yake kwa Kilatini ni mkamua mbuzi, na ndilo jina linaloandikwa hadi leo kwenye vitabu vyote makini. Yaani ndege amehukumiwa, akashinda rufaa, na bado kitambulisho chake kinamwita mwizi.

Ukitazama palipotokea kosa, wale wachungaji hawakuwa wajinga. Waliona kweli ndege anaruka chini kati ya miguu ya mifugo magharibi. Waliona kweli mdomo wake mpana kupita kiasi. Ila hawakujua kwamba mifugo huvuta wadudu kwa kinyesi, jasho na kwa kukurupusha nondo kwenye nyasi, na kwamba mdomo ule hauwezi kunyonya kitu. Kunyonya kunahitaji midomo laini na ulimi wa kuvutia. Ndege hana. Mfugaji akimwona zizini amwache afanye kazi. Anapunguza mbawakawa na mbu bila kudai malipo.

Sauti ya mashine

Mkanganyiko mwingine ni wa masikio. Unakaa nje jioni, unasikia mashine inanguruma mahali fulani kwenye nyasi, mfululizo, dakika nzima bila kuvuta pumzi. Wengine husema ni chura, wengine nyenje, wengine jirani ana pampu. Spishi moja ya kawaida mashariki na kusini mwa Afrika, yenye mkia uliokatwa mraba, hunguruma kwa sauti inayopanda na kushuka ghafla kama dereva anayebadilisha gia mlimani. Nyingine hazingurumi, hupiga mluzi wa huzuni wenye mtetemo mwishoni, na huo ndio unaofanya watu wafunge madirisha. Zote ni nyimbo za dume anayetangaza eneo lake na kumwita jike. Husikika zaidi saa ya kwanza ya giza na kabla ya mapambazuko, na usiku wa mbalamwezi huenda mpaka usiku wa manane.

Mbalamwezi, kwa kweli, inastahili kusemwa peke yake. Sisi humfikiria ndege wa usiku kuwa kadiri giza linavyozidi ndivyo anavyofurahi. Kirukanjia ni kinyume. Hana masikio ya popo ya kupima mwangwi. Bila mwanga kidogo yuko gizani kama wewe. Usiku wa kiza totoro anawinda kwa muda mfupi tu, magharibi na alfajiri, na katikati anakaa na njaa yake. Mwezi ukiwa mkubwa anakula usiku kucha. Kwa baadhi ya spishi hata utagaji umefungwa kwenye kalenda ya mwezi, ili vinywa vya makinda vifunguke wakati kuna mwanga wa kutafutia chakula.

Kirukanjia wa Ulaya, ambaye huja Afrika kukwepa baridi na kupita Afrika Mashariki njiani, anatoa mfano mzuri. Watafiti wa Sweden waliwafunga vipima-safari vidogo, na mwaka 2019 wakachapisha walichokiona: usiku wenye mwezi uwindaji uliongezeka zaidi ya maradufu, na takriban siku 10 baada ya mwezi mpevu ndege wengi wakaondoka safarini karibu kwa pamoja. Walijaza tangi kwa mwanga wa mwezi, kisha wakaondoka.

Wengine wana njia nyingine ya kupita kipindi cha njaa: wanazima injini. Joto la mwili linashuka, mapigo ya moyo yanapungua, ndege anakuwa kama jiwe mpaka hali iwe nzuri. Virukanjia wa miamba wa kusini mwa Afrika hufanya hivyo kwa saa chache usiku wa baridi. Jamaa yao mmoja wa Marekani huenda wiki kadhaa. Mwaka 1946 mtafiti Edmund Jaeger alimkuta mmoja ndani ya ufa wa mwamba jangwani California, baridi mkononi, hajibu kitu, lakini hai. Wahopi, wenyeji wa Arizona, jimbo jirani, walikuwa na jina la ndege huyo muda mrefu kabla: aliyelala.

Anayefukuzwa na popo wawili

Kuna kirukanjia mmoja ambaye hata mtu asiyejali ndege atasimamisha gari kwa ajili yake. Kaskazini mwa ikweta, kuanzia Senegal hadi Ethiopia, dume akifika msimu wa kuzaa huota unyoya mmoja mrefu kwenye kila bawa, mtupu kama waya, wenye kibendera mwishoni tu. Akiruka magharibi vile vibendera vinamfuata juu na nyuma, na waya hauonekani. Mtu anaapa kwamba ameona ndege anafukuzwa na popo wawili. Kusini mwa ikweta yuko ndugu yake ambaye unyoya wake ni utepe mzima, mara nyingi zaidi ya nusu mita, kwenye ndege ambaye mwili na mkia wake havifiki sentimita 30. Huyo huzaa kusini mvua zinapoanza, kisha huhama kuvuka ikweta hadi Uganda na Sudan Kusini. Msimu ukiisha, mapambo yanaondoka na dume anarudi kuwa jani kama wenzake. Kwa wiki chache tu za mwaka anakubali kuonekana, na kwa sababu moja tu: jike naye hawezi kuchagua kitu asichokiona.

Bawa moja la Nechisar

Kinachobaki ni habari ya kirukanjia anayejulikana kidogo kuliko wote, na tunarudi nayo barabarani.

Kusini mwa Ethiopia, karibu na mji wa Arba Minch, kuna mbuga inayoitwa Nechisar, jina la Kiamhari lenye maana ya nyasi nyeupe. Mwaka 1990 msafara wa watafiti kutoka Cambridge ulikuwa ukipita katika uwanda huo ukiorodhesha wanyama na mimea. Kwenye barabara ya vumbi wakakuta ndege aliyekanyagwa na gari, amesagika. Hakikubaki kitu cha kuchukua isipokuwa bawa moja. Wakalibeba.

Walipolilinganisha na mabawa ya virukanjia wote wanaojulikana, halikulingana na lolote. Lile doa jeupe lilikaa mahali pasipo pake. Mwaka 1995 wakalitangaza kuwa la spishi mpya na kuliita *Caprimulgus solala*, kutoka maneno ya Kilatini yenye maana ya pekee na bawa. Tangu hapo waliokwenda kumtafuta kwenye nyasi zile ni wengi, na mwaka 2009 kundi moja lilirudi likisema limemwona kwenye mwanga wa tochi. Lakini mwili wa pili haujapatikana, na wataalamu wamebishana kama ni spishi kamili au ni chotara wa spishi mbili zilizokutana usiku mmoja.

Bawa lenyewe liko kwenye droo ya makumbusho Uingereza. Ni la kahawia, lina doa moja jeupe, na ukiliweka juu ya majani makavu utalitafuta.